Diski za wazazi wetu, kutoka Baraka kupanda Fizi



Wiki hii siandiki juu ya masomo ya watoto. Naandika juu ya diski, zile sahani nyeusi ambazo baba zetu walizipiga kwenye pikapu. Ng'ambo, Kigoma, wanaziita santuri. Katika likizo kubwa nilizitafuta nyumba kwa nyumba, na zile nilizozitaka zaidi si zile ambazo kila mtu anazijua. Franco na Tabu Ley hawahitaji mtu wa kuwatafuta, nyimbo zao zimo katika simu za watu sokoni. Nilitafuta zile za pembeni: souli na fanki ya Wamarekani weusi iliyofika huku miaka ya 1960 na 1970, nyimbo za vijana wa Zaire walioupokea muziki huo na kuufanya wao, na kaseti za kwanza za rapu kwa Kiswahili. Majirani walicheka. Mwalimu mzima, mama wa watoto, anaulizia takataka!

Kwa wale wasioyajua majina hayo, nieleze kidogo. Souli ni sauti ya kwaya iliyotoka kanisani ikapewa maneno ya mapenzi na ya uchungu wa maisha. Mama yeyote aliyeimba kwaya akimsikia Otis Redding au Percy Sledge atatambua mara moja sauti hiyo ilizaliwa wapi. Fanki ni ndugu yake mkali. Ngoma na gitaa la besi hushika njia moja na haziiachi, tarumbeta hukata kama shoka, na mwimbaji huita na kupiga kelele zaidi ya kuimba. Bingwa wake ni James Brown. Rapu ilikuja baadaye: ni maneno yanayosemwa kwa mdundo, bila kuimbwa sana, na watoto wetu wanaijua kuliko sisi.

Kutoka Baraka mpaka Fizi-centre hakuna urefu wa kutisha, lakini mnaijua njia. Unaacha ziwa nyuma, unavuka Mutambala, halafu barabara inaanza kupanda vilima. Wakati wa mvua moto inateleza na abiria anashuka kutembea. Nilikwenda kiangazi, kwa hiyo taabu yangu ilikuwa vumbi tu. Mgongoni nilibeba pikapu iliyofungwa katika vikwembe viwili kama mtoto. Fundi wa redio hapa sokoni alikuwa ameifufua: mkanda wake wa ndani ulikuwa umeoza, akakata mwingine kutoka tyubu ya baiskeli, na sindano tuliagiza Bujumbura. Inatumia betri iliyochajiwa kwa jua. Vijana wa Fizi waliokuja kuitazama waliuliza kama ni mashine ya kushonea.

Ukifika juu, geuka utazame. Ziwa liko chini, Ubwari imelala ndani ya maji kama mamba, na siku ya anga safi unaona vilima vya Tanzania. Kwa ndege, Kigoma iko kama kilomita mia moja tu kutoka Baraka, lakini Kinshasa iko zaidi ya kilomita 1,500. Ukishika hesabu hiyo utaelewa kwa nini masanduku ya Fizi hayafanani na masanduku ya Kinshasa. Diski nyingi hazikutufikia kutoka upande wa mto Kongo. Zilivuka ziwa, au zilishuka kutoka Bujumbura na Uvira, ndani ya boti za mbao, katikati ya chumvi, sabuni na vitambaa.

Mwanzo wake ni mbali kidogo. Mwaka 1948 Mgiriki mmoja, Nicolas Jeronimidis, alifungua nyumba ya kurekodi huko Léopoldville akaiita Ngoma. Mwaka uleule Wendo Kolosoy na Henri Bowane walirekodi kwake Marie-Louise, wimbo ambao wazee bado wanaujua. Diski za wakati ule zilikuwa za kuzunguka mara 78 kwa dakika, nzito, na zinavunjika kama sahani ya udongo. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti wa muziki aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine yake, alimrekodi huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, kijana Mwenda Jean-Bosco na gitaa lake. Baadaye zikaja diski ndogo za mara 45, nyepesi, zenye tundu kubwa katikati. Hizo ndizo zilizojaa huku kwetu, na nyingi zilichapwa Nairobi. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Nyimbo za Dar es Salaam zilipelekwa Kenya, na mpaka wa nchi hizo mbili ulipofungwa mwaka 1977, hadi 1983, njia hiyo ikawa ngumu.

Nairobi ndiko walikokimbilia pia wanamuziki wetu wengi. Super Mazembe walianza Zaire kwa jina la Super Vox, wakapita Zambia, wakafika Nairobi mwaka 1974. Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, jirani yetu wa Maniema, alikwenda Dar es Salaam mwaka 1978 akapiga na Orchestra Makassy, kisha Super Matimila. Watu hao waliimba Kiswahili ambacho bibi yako wa Mboko alikielewa bila mkalimani, na ndiyo sababu diski zao zilishika huku kuliko nyimbo nyingi za Kilingala.

Na souli? Mlango wake mkubwa katika nchi yetu ulifunguliwa mwezi wa tisa mwaka 1974. Muhammad Ali na George Foreman walikuwa wapigane Kinshasa, na pamoja na pambano hilo kukaandaliwa siku tatu za muziki uwanjani: James Brown, B.B. King, Bill Withers, The Spinners, Sister Sledge, Celia Cruz wa Kuba, Miriam Makeba, na watu wetu pia, Franco, Tabu Ley na Abeti. Foreman akapasuka juu ya jicho akiwa mazoezini, pambano likasogezwa mpaka tarehe 30 mwezi wa kumi, lakini muziki ukapigwa kwa siku zake. Ali alishinda katika raundi ya nane, na kikundi kimoja cha Kinshasa, Trio Madjesi na orkesta yao Sosoliso, wakatoa wimbo kwa jina hilohilo la raundi ya nane. Madjesi walikuwa vijana watatu waliocheza jukwaani kama James Brown: suruali pana, miguu inayoteleza, jasho na kupiga magoti. Mobutu alikuwa akihubiri uhalisi wa Kiafrika, majina ya Ulaya yamekatazwa tangu 1972, na wakati huohuo vijana wake walikuwa wanajifunza hatua za mtu kutoka Marekani. Hilo hunichekesha kila mara ninapowafundisha watoto historia ya miaka ile.

Huku kwetu hali ilikuwa nyingine. Kinshasa walipokuwa wakicheza, milima ya Fizi ilikuwa na chama cha PRP cha Laurent-Désiré Kabila, na barabara zilijaa vizuizi. Kununua diski ya Sosoliso Baraka wakati ule kulitaka mtu mwenye jamaa safarini. Kwa hiyo kila moja iliyopatikana ina historia yake: nani aliileta, kwa boti gani, akalipia nini.

Mama mmoja wa Fizi-centre, aliyepita miaka sabini, ndiye aliyenifungulia sanduku kubwa kuliko yote. Sitataja jina lake, mwenyewe hakutaka. Marehemu mume wake alikuwa karani wa pamba, mtu wa kuvaa tai siku za juma, na mshahara wake wa ziada ulikwenda kwenye diski. "Wengine waliongeza wake, wangu aliongeza diski," aliniambia, "nami nikanyamaza." Mwaka 1996 vita vilipofika, familia ilishuka ziwani usiku. Mume alitaka kubeba pikapu. Mama akasema watoto kwanza, sufuria ya pili, unga wa tatu. Pikapu ikabaki. Lakini diski hazikubaki. Yeye mwenyewe alizipanga katikati ya vikwembe, akazifunga mzigo mmoja, akaupakata ndani ya boti mpaka Kigoma.

Walikaa kambi ya Lugufu miaka mingi. Diski zilikuwepo bila kitu cha kuzipigia. Moja ikafanywa kifuniko cha mtungi. Nyingine mtoto wa jirani aliitia katika maji moto ikakunjika kama bakuli, wakaitumia kupimia maharage. Sikucheka aliponieleza hayo, kwa kuwa hata yeye hakucheka. Mume alifia kule. Mama akarudi kwa meli katika ile miaka ya baada ya 2005, pamoja na maelfu ya watu wa Fizi waliokuwa wakishushwa Baraka, akiwa na mzigo uleule.

Tulihesabu diski arobaini na moja. Sita zimevunjika, tisa zimepinda kwa jua mpaka sindano inaruka. Zilizobaki tulizipangusa moja moja. Alikaa juu ya mkeka, mimi nikaweka pikapu juu ya kinu kilichogeuzwa, na wajukuu wakajaa mlangoni. Ya kwanza ilikuwa Percy Sledge, karatasi yake imeliwa na maji, sauti ikitoka kama mtu anayeimba nyuma ya mvua. Ya pili ilikuwa Kasongo ya Super Mazembe, na hapo wajukuu wakashangaa, maana walidhani wimbo huo ni wa wasanii wa sasa. Halafu ikaja Ndaya ya Mpongo Love. Mama akaanza kuimba kabla ya mwimbaji mwenyewe.

Mpongo Love inafaa nimtue hapa kidogo. Alizaliwa 1956, akapata ugonjwa wa kupooza utotoni, akatembea kwa shida maisha yake yote, na bado akasimama mbele ya orkesta za wanaume akaimba. Ndaya ilitungwa na Mayaula Mayoni, lakini nani anamkumbuka mtunzi? Alifariki mwaka 1990, hajafika miaka thelathini na tano. Na Abeti Masikini, mzaliwa wa Kisangani, mwaka 1973 aliimba katika ukumbi wa Olympia, Paris, na mwaka uliofuata Carnegie Hall, New York, akiwa na miaka kumi na tisa tu. Diski yake ndefu ya kwanza, ile ya 1973, iko karibu na souli kuliko rumba. Watu wa redio mara nyingi hupiga nyimbo zake za baadaye, zile za kucheza, na kwa maoni yangu wanakosa mahali sauti yake ilipokuwa kubwa zaidi. Kabla ya hao wawili kulikuwa na Lucie Eyenga wa miaka ya 1950. Tunawaimba wanaume wa muziki wetu kama watakatifu, na wanawake hawa hata watoto wangu wa darasa la sita hawajui majina yao.

Sasa nifike kwenye jambo linalonisumbua. Wiki tatu kabla yangu, mtu alikuwa amepita Fizi akinunua diski. Alitoa dola mbili kwa moja, zote pamoja, bila kuchagua, na akaahidi kurudi. Sisemi ni mwizi. Biashara ni biashara, na mtu aliyepanda mpaka kule na fedha mkononi ametaabika pia. Lakini mama hakujua anauza nini. Huko Ulaya wapo watu ambao kazi yao ni kutafuta muziki huu uliosahauliwa. Mwaka 2024 kampuni ya Ujerumani iitwayo Analog Africa ilitoa mkusanyiko mzima wa fanki ya Kinshasa na Brazzaville ya miaka 1969 mpaka 1982. Kampuni ya aina hiyo huwatafuta wenye haki za wimbo, wanafanya mikataba, wanaandika historia ya kila orkesta. Upande mwingine wapo wachuuzi wanaouza diski moja ngumu kupatikana kwa mamia ya dola, na hawaandiki chochote. Diski ya kawaida haina bei hiyo, na iliyokwaruzwa haina bei kabisa. Katika zile arobaini na moja, nadhani nne au tano ndizo angekuwa anazitaka mtu yule, na nyingine alizichukulia kuwa maganda.

Kuna wanaosema mama asiuze hata moja, ni urithi, na mnajua rumba ya Kongo iliandikwa UNESCO mwezi wa kumi na mbili mwaka 2021. Mimi siwezi kumwambia hivyo mwanamke ambaye mjukuu wake amerudishwa nyumbani kwa deni la ada. Urithi haulipi minerval. Nilimwambia auze akitaka, ila asiuze kwa rundo, na asiuze kabla nyimbo hazijanakiliwa. Tukafanya hivyo siku mbili: simu karibu na kipaza sauti, kuku wakifukuzwa, watoto wakinyamazishwa, nyimbo zikaingia moja moja. Sauti si safi. Jogoo mmoja anasikika vizuri sana katika wimbo wa Baba Gaston. Lakini zimo.

Wamama wengine wameniuliza la kufanya na za kwao, basi nijibu hapa kwa wote. Diski isilazwe rundo moja juu ya lingine. Isimamishwe wima kama vitabu, mbali na jua na mbali na jiko. Iliyo chafu ioshwe kwa kitambaa laini, maji baridi na sabuni kidogo sana, ukifuata mistari yake ya mzunguko, na karatasi ya katikati isiloe. Zile nzito za mara 78 usiziweke sabuni wala usizibane. Usitumie sindano iliyochakaa, inachimba wimbo kama jembe. Na tazama sehemu laini iliyo kati ya mwisho wa mistari na karatasi: pamechorwa namba ndogo kwa chuma. Hata karatasi ikitoka, namba hiyo inaweza kumwambia mjuzi ni wimbo gani na ulichapwa na nani. Iandike katika daftari, pamoja na jina la aliyeileta nyumbani na mwaka kama mnaukumbuka. Mwanafunzi wa darasa la nne anaweza kufanya kazi hiyo.

Kaseti za rapu sikuzipata Fizi. Nilizipata Baraka, kwa baba mmoja kijana aliyekulia Nyarugusu, ndani ya gunia la nyavu za ndagala. Rapu ya Kiswahili ilianza wakati diski zinakwisha. Mwanzo wa miaka ya 1990 Mtanzania Saleh Jabir alichukua mdundo wa Vanilla Ice wa Marekani akaweka maneno ya Kiswahili juu yake, kisha wakaja Kwanza Unit wa Dar es Salaam. Kwa watoto waliokua kambini, kaseti hizo zilizonakiliwa mara kumi ndizo zilizokuwa shule ya muziki. Baba huyo aliniambia walikuwa wakizizungusha kwa kalamu ya biki ili kuokoa betri. Utepe wake umeshikana kwa unyevu, na fundi amesema tusiupige kwanza, tuukaushe polepole ndani ya mchele. Tutaona.

Mama wa Fizi hatimaye ameuza diski saba. Bei waliyopatana si dola mbili, na mjukuu amerudi darasani. Ndaya hakuiuza, wala ile ya Percy Sledge, ingawa haina thamani kwa mnunuzi yeyote.

Imebaki moja ambayo hakuna anayeijua. Ni ya mara 45, karatasi imetoka pande zote mbili, namba yake imesuguliwa nusu. Anaimba mwanamke, kwa Kiswahili cha huku kwetu, gitaa la besi ni la fanki kabisa, na nyuma yake kuna sauti za wanawake wengine watatu au wanne wanaoitikia. Mama anasema mumewe aliileta kutoka Uvira kabla mtoto wao wa tatu hajazaliwa, basi ni kama 1976. Ameniazima. Jumamosi hii baada ya mkutano wa akiba nitaipiga, mara mbili ikiwa betri itakubali. Wamama wenye umri, wa Uvira hasa, na wale mliowahi kukaa Bujumbura, msikose. Njooni na shoga zenu, na mwenye pikapu yenye sindano nzuri kuliko yangu aje nayo.